Mswaki wa Nne

Habari za ukaguzi ziliingia uani kupitia bafuni. Mama Mkaa alikuwa anaoga, simu ameiweka juu ya ukuta kama kawaida yake. Ujumbe ulipoingia akaupokea kwa mkono wenye sabuni, na kabla hajajimwagia maji ya mwisho alikuwa ameshautangazia ua mzima. Mkaguzi wa mwenye nyumba anakuja kesho asubuhi. Anaingia vyumba vyote. Mpangaji awepo mwenyewe, asipokuwepo aache funguo.

Wapangaji wa ua ule walikuwa watu na heshima zao, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kuficha. Wa chumba cha mbele alikuwa na jiko la umeme, na majiko ya umeme yalikatazwa. Mchora mabango alikuwa amechora ukuta mzima wa chumba chake, simba na mwanamke mnene, kitu ambacho huwezi kukifunika kwa kalenda. Mama Mkaa mwenyewe alikuwa na magunia ya mkaa nyuma ya choo. Msusi, aliyepanga vyumba viwili vya mwisho karibu na bomba, alikuwa na mama yake.

Mkataba wa Msusi ulisema watu watatu: yeye, mumewe ambaye alikuwa fundi wa friji, na binti yao waliyemwita Kidoti kwa sababu ya alama shavuni. Mama hakuwemo. Mama alikuja kutibiwa jicho, akae mpaka lipone. Lilipopata nafuu likaanza la pili, na katikati ya hapo nyumba aliyotoka ikauzwa na ndugu za marehemu mumewe bila hata kumwuliza sufuria zake ziwekwe wapi. Basi akabaki. Alikuwa na godoro lake nyuma ya pazia la sebule, bakora yake nyuma ya mlango, na mswaki wake kwenye kikombe pamoja na ya wenzake.

Mwenye nyumba hakuwa na mzaha na mambo hayo. Fundi viatu wa chumba cha tatu alikutwa na mdogo wake amelala sakafuni, akapewa wiki mbili za kuhama. Alipakia vitu kwenye mkokoteni, mvua ikamkuta njiani, na godoro likavimba kwa maji mbele ya macho ya mtaa mzima. Msusi alilikumbuka godoro lile kila alipopitia mkataba wake.

Na kuhama kungekuwa kuanza upya. Hakuna chumba mtaani kilichopatikana bila kodi ya nusu mwaka mkononi, na wao mkononi walikuwa na ya mwezi. Saluni ya Msusi ilikuwa kibanda kando ya barabara ileile, na wateja wake walikuwa majirani. Zaidi ya hayo ua ule ulikuwa na geti la chuma na madirisha yenye nondo, wakati mtaa wa pili wezi walikuwa wanaingia saa za watu kwenda kazini, wanabeba hadi sufuria yenye maharage. Kwa pesa yao hiyo, nyumba salama kama ile wasingeipata tena.

Jioni hiyo Msusi alimsubiri mumewe avue viatu, kisha akamwambia.

"Anahesabu miswaki."

"Nani?"

"Mkaguzi. Mama Mkaa kasema. Godoro unalikunja, nguo unasema za shangazi kaziacha, lakini mswaki huwezi kuueleza. Mswaki ni mtu."

Fundi alicheka. Halafu akageuka akakiangalia kikombe juu ya kabati, akaacha kucheka.

"Tumwambie mwenye nyumba ukweli," alisema. "Mama mzee, macho hayaoni. Naye si ana mama?"

"Fundi viatu alimwambia ukweli."

"Basi tufanyeje?"

"Mimi ni mbovu wa macho, si wa masikio," sauti ilisema nyuma ya pazia, na Mama akatoka, anajifunga kanga vizuri. "Mnanipanga kama mzigo na mimi mwenyewe nipo. Ukaguzi mnaujua nyinyi? Ukaguzi naujua mimi."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni tangu ujana wake hadi alipostaafu. Unga, sukari, sabuni, mablanketi, vyote vilipita mikononi mwake, na wakaguzi walimjia bila taarifa wakamkuta amekaa anawasubiri. Kazi iliisha lakini tabia haikuisha. Ufunguo wa nyumba aliuvaa shingoni kwa kamba, ndani ya nguo. Akitoka kwenda chooni tu alifunga kufuli na kulivuta mara tatu. Hata Kidoti alikuwa amefundishwa naye sheria ya stoo hadi akaikariri: ukikuta mlango wazi na mtu ndani, hupigi kelele, huulizi swali. Unafunga kwanza. Ukishafunga ndipo unauliza wewe ni nani.

Kitu kimoja tu hakukifuata, nacho kilikuwa hodi. Tangu siku ya kwanza aliingia mle ndani moja kwa moja, hata siku aliyomkuta mkwewe na taulo tu, na taulo lenyewe dogo. Fundi alipolalamika kwa utani, Mama alishangaa kweli. "Hodi nipige kwa mwanangu? Hodi ni ya mgeni." Tangu hapo Fundi alikuwa anavaa haraka.

Usiku huo Mama alijiondoa ndani ya nyumba ile kwa ufundi mkubwa. Alikunja godoro akaliviringisha ndani ya shuka za Kidoti. Alipeleka bakora kwa Mama Mkaa. Alikusanya ndala, kitana, miwani na picha ya mumewe, akaviweka vyote kwenye mfuko wa plastiki. Pazia alilishusha, akaokota hata nywele nyeupe zilizonasa. Mwisho alichukua mswaki wake kikombeni, akaufunga kwenye karatasi, akautia mfukoni mwa gauni.

"Angalieni," alisema, amesimama katikati ya chumba. "Kuna nini changu kimebaki?"

Waliangalia. Fundi aliinama hadi chini ya meza.

"Hakuna, Mama."

"Basi sipo," alisema Mama, akaridhika. Msusi alicheka pamoja na wengine, ingawa neno lile halikumpendeza.

Hakuna aliyefungua friji.

*

Asubuhi Kidoti alienda shule, na Msusi akamshika mama yake mkono hadi saluni. Alimkalisha kwenye benchi la wateja, karibu na kioo, akamwambia msaidizi wake amwangalie.

"Usitoke mpaka nije mwenyewe," alimwambia. "Akimaliza nakufuata."

"Na mlango usiuache wazi kwa ajili ya mtu mwenye shati zuri," Mama alijibu.

Mkaguzi alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Fundi alivumilia hadi mwenye bucha alipompigia simu kwa mara ya pili: friji imekufa, nyama inaanza kutoa harufu, na kama haji aseme aitwe fundi mwingine. Fundi alimtazama mkewe.

"Nenda tu," Msusi alisema. "Kwani atanila?"

Mkaguzi alifika jua likiwa limeshakaa juu ya paa. Alikuwa kijana mpole, kiatu kimeng'aa, manukato yametangulia. Alimwita Msusi dada na aliomba ruhusa kabla ya kila kitu, kisha akakifanya kabla ya kujibiwa. "Samahani dada, naomba niangalie kabati," na kabati liko wazi. "Samahani dada, hapa chini ya kitanda," na tayari amepiga magoti. Alipiga picha za kuta, za swichi, za nondo za dirisha, za nguo za ndani za Msusi zilizokuwa juu ya kapu kwa sababu hakuzitoa mapema. Msusi alisimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Alifungua friji.

"Kweli nyumba ya fundi. Friji inapoza vizuri." Akashika kichupa kwenye mlango wa friji, akakigeuza. "Dawa ya macho. Ya nani hii?"

Mama alitakiwa kuweka matone yake mchana, na wao wote wanne walikuwa wamesahau.

"Yangu," alisema.

"Pole sana. Kazi ya kusuka hiyo?"

"Ndiyo. Nyuzi ndogo ndogo."

"Pole," alirudia, akakirudisha kichupa. Kikombe cha miswaki hakukitazama hata mara moja.

Kisha akataka kuona bafu. Funguo za bafu zilikuwa kwa Mama Mkaa, upande wa pili wa ua, na Mama Mkaa alikuwa anajichelewesha makusudi ili magunia yake yapate pa kwenda. Mkaguzi alisema atamalizia picha za dirisha wakati dada anafuata funguo. Msusi akaenda.

Alikuwa bado anamwita Mama Mkaa aliposikia nyuma yake mlio wa kufuli kubwa likibanwa. Ulikuwa mlio anaoujua. Ukafuatiwa na mivuto mitatu.

"Nimemfungia!" sauti ya mama yake ilijaa uani. "Njooni mshuhudie! Mchana kweupe, ameinama kwenye vitu vya watu!"

Mambo yalivyokwenda, Msusi aliyaunganisha baadaye. Mama alikumbuka matone yake, msaidizi alikuwa anamsuka mteja, na kutoka saluni hadi nyumbani ni hatua chache tu ambazo Mama alizijua kwa miguu. Alifikiri mkaguzi alishakuja na kuondoka tangu asubuhi. Geti alilikuta limeachwa wazi. Mlango wa mwanawe aliukuta umeachwa wazi. Kwa jicho lake moja lenye ukungu aliona mgongo wa mwanamume asiye Fundi. Hakupiga kelele, hakuuliza swali. Alilishika kufuli lililokuwa linaning'inia kwenye komeo na kufanya alichokifanya maisha yake yote.

*

Walitoka wote. Jiko la umeme lilisahauliwa, simba alisahauliwa. Mkaguzi alikuwa amesimama dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Bibi, fungua. Mimi ni mkaguzi."

"Kila niliyemkamata alikuwa na cheo," alisema Mama.

"Nina kitambulisho."

"Kitoe dirishani kisomwe na wenye macho. Mimi sisomi."

Mchora mabango alicheka, akajifanya anakohoa. Mama alikuwa amesimama wima mbele ya mlango, bila bakora, kidevu juu. Msusi hakuwa amemwona amesimama hivyo tangu aje. Alionekana kijana. Alipomsikia Msusi akija, alimjua kwa mwendo wake, akatabasamu.

"Umefika. Nimekushikia mtu."

"Dada!" mkaguzi aliita, na upole ulikuwa umemtoka. "Huyu bibi ni nani? Anaishi humu?"

Mama Mkaa, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitazama ndala zake. Msusi aliuona mkono wa mama yake ukipanda shingoni, ukaingia ndani ya gauni, ukakamata kamba. Mtunza stoo akishafunga hufungua mwenyewe, mbele ya mashahidi. Mama alikuwa anatoa ufunguo. Na mtu mwenye ufunguo wa nyumba shingoni, nani ataambiwa haishi humo?

"Simjui," alisema Msusi.

Ilitoka haraka, na kwa sababu ilitoka haraka ilihitaji kuongezewa.

"Ni bibi wa mtaani tu. Hupita pita hapa. Kichwa chake... si mzima sana."

Mkono wa Mama ulisimama. Aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka, akakaa hivyo kidogo, kama mtu anayepima kilo kwa mkono. Kisha akaiachia kamba, ikarudi ndani ya gauni, naye akashusha kidevu na mabega, akawa mzee tena.

"Kweli," alisema. "Mimi napita tu. Nilikuta pako wazi."

Msusi alitoa ufunguo wake mwenyewe kwenye aproni. Alikosa tundu mara mbili. Mkaguzi alitoka, akajipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Huyu mnamjua?" aliwauliza wengine.

"Hupita," alisema Mama Mkaa.

"Hupita," alisema mchora mabango.

Walisema kwa kumsaidia Msusi, na Msusi aliwashukuru moyoni, na papo hapo aliwachukia.

"Bibi, umenidhalilisha mbele za watu," alisema mkaguzi. "Mimi nipo kazini. Hata radhi huombi?"

"Nisamehe, baba. Macho yangu hayaoni vizuri."

"Haya." Hasira ilimwishia haraka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akamwekea Mama kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Kanunue chai. Lakini humu usiingie tena, umenielewa?" Akawageukia wapangaji. "Na nyinyi mnafanya mchezo. Geti linaachwa wazi, watu wanaingia tu. Hawa ndio wanaotumwa kupeleleza nyumba, halafu kesho mnapiga simu mmeibiwa. Nikimkuta tena ndani ya geti hili, atakayemwachia atanieleza."

Hakuna aliyemkumbusha kwamba geti aliliacha wazi yeye. Mama alipokea noti kwa mikono miwili, akashukuru, akaanza kutoka huku akipapasa ukuta. Mchora mabango alimfungulia geti, akalifunga nyuma yake.

Ukaguzi uliendelea. Bafu, bomba, choo, chumba baada ya chumba. Mkaguzi alisimama katikati ya ua kwa muda mrefu, anaandika kwenye simu. Msusi alikuwa amekitia kichupa cha dawa ndani ya aproni, na kupitia uwazi wa geti aliiona kanga ya mama yake: alikuwa amekaa chini, nje, ameegemea ukuta. Alikuwa anasubiri matone. Msusi alichukua ndoo mara mbili kana kwamba anaenda kumwaga maji nje, na mara mbili mkaguzi aliinua macho akamwuliza jambo. Mara ya tatu alipochungulia, kanga haikuwepo.

"Dada, kwako hakuna tatizo," mkaguzi alimwambia alipokuwa anaaga. "Pasafi. Na lile komeo lenu ni imara, hilo nimelipima mwenyewe."

Alikusudia utani. Msusi akacheka, kwa kuwa ilibidi.

*

Alimkuta saluni, kwenye benchi, pale alipomwacha asubuhi. Jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi. Msaidizi alianza kujieleza, Msusi akamtuma dukani akanunue kitu ambacho hakikuhitajika.

"Inua uso, Mama."

Mama aliinua. Msusi alidondosha tone, akasubiri, akadondosha jingine. Alimshikia kope kwa kidole, vile mama yake alivyokuwa anamshikia yeye utotoni akiingiwa na mchanga.

"Mama, pale..."

"Tulia, unatikisa."

"Sikuwa na la kusema. Angeuona ufunguo."

"Najua."

"Tungefukuzwa wote. Kidoti na shule yake, na..."

"Najua, nimesema. Ulifanya sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilifunga kabla sijajua kama stoo ni yangu."

Hakusema kwa ukali. Msusi angependa aseme kwa ukali. Alikuwa amejiandaa kugombezwa njia nzima, hata kofi angelipokea, na sasa alibaki ameshika kichupa, aibu yake hana pa kuitua.

Mama alifungua kiganja. Noti ilikuwa bado imo, imekunjwa vilevile ilivyokunjwa na mkaguzi.

"Chukua. Ongezea kwenye kodi."

"Sichukui hiyo, Mama."

"Pesa haina kosa," alisema Mama, akaiweka juu ya meza, katikati ya vitana.

*

Jioni wote walikuwa ndani isipokuwa Mama, aliyesema atakuja polepole nyuma yao baada ya kumsalimia Mama Mkaa na kuchukua bakora. Fundi alirudi na kipande cha nyama alicholipwa na mwenye bucha, na alikuwa na furaha. Msusi alimweleza yote akiwa anamenya vitunguu, jambo lililomsaidia.

"Pole," alisema Fundi. Alifikiri, kisha akasema kile ambacho Msusi pia alikuwa anakifikiri na hakutaka kukisikia. "Lakini tumepita, au siyo?"

Mlangoni bakora iligonga sakafu.

"Hodi."

Kidoti alicheka. "Bibi!"

"Hodi humu ndani."

"Pita, Mama," alisema Msusi, anafuta macho kwa kiwiko. "Mambo gani tena hayo?"

Mama hakusogea. Alisimama nje ya kizingiti, mfuko wa plastiki mkononi, uso umetazama mbele. Msusi alimwangalia mumewe, mumewe akaangalia nyama.

"Karibu," alisema Msusi.

"Asante," alisema Mama, akaingia.

Alitandaza godoro lake mwenyewe, lakini pazia hakulirudisha. Alivua kamba shingoni, akapapasa ukuta hadi akapata msumari wa kalenda, akautundika ufunguo hapo. Vitu vyake aliviacha ndani ya mfuko, na mfuko akauweka karibu na mlango. Kidoti, aliyengoja siku nzima kurudisha kila kitu mahali pake, alimletea kikombe.

"Bibi, weka mswaki."

"Uko pazuri tu ulipo," alisema Mama, akajigusa mfuko wa gauni.

Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Akitoka chooni, hodi. Akitoka kuota jua, hodi. Msusi alijaribu kucheka, akajaribu kukasirika. Siku moja alimwambia waziwazi: "Mama, unaniadhibu." Mama alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kama ule wa taulo.

"Nikuadhibu kwa lipi? Stoo ikishakaguliwa, aliyeandikwa ameandikwa. Mimi sitaki tena uulizwe swali ukose jibu."

Fundi alitafuta njia yake ya kusaidia. Aliutoa ufunguo msumarini, akamwekea Mama chini ya mto. Asubuhi walikuta umerudi kwenye msumari. Siku walizotoka wote mapema, Mama alitoka nao, akafungiwa nje pamoja na kuku wa Mama Mkaa, na waliporudi walimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na bomba, mfuko wake magotini. Majirani walimpa kiti. Alikataa, akasema hakai sana.

Kidoti ndiye aliyeuliza, kama watoto wanavyouliza, katikati ya chakula.

"Bibi, kwani wewe ni mgeni?"

Msusi alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimwomba Mungu kimoyomoyo mama yake awe na hasira, aseme jibu baya lenye neno mwanangu ndani yake.

"Kula, mjukuu wangu," alisema Mama. "Chakula kinapoa."

Mwisho wa mwezi ujumbe uliingia, Msusi akiwa ndani peke yake anapiga pasi aproni. Mkataba wake umeongezwa mwaka mzima, kodi ileile. Mwenye nyumba anampongeza kwa usafi na kwa kujali usalama wa makazi. Wapangaji: watatu. Aliusoma mara mbili. Alikuwa ameyaota maneno yale kwa wiki nzima, na alikuwa amepanga siku yakifika atapiga kelele hadi Mama Mkaa atoke na sabuni. Sasa aliweka simu juu ya kabati, karibu na kikombe chenye miswaki mitatu, na hakujua amwambie nani kwanza.

Bakora iligonga nje.

"Hodi."

"Karibu, Mama."

Bakora iligonga tena.

"Karibu, Mama. Ingia."

"Kuna mtu?" aliuliza Mama. Upepo ulikuwa unavuma, pengine hakusikia. "Hodi wenyewe."

Mlango ulikuwa wazi hadi mwisho, umeegemezewa jiwe. Msusi alizima pasi, akanyanyuka, akaenda kumfungulia.